Cheti cha kijani kwa maktaba ya Lubumbashi: mchoro kwanza, alama baadaye

SWALI

Jambo papa mhandisi. Mimi ni mjumbe wa kamati ya ujenzi ya chuo kimoja hapa Lubumbashi. Tunataka kujenga maktaba yenye kumbi za masomo, ngazi mbili (chini na juu), karibu mita za mraba 4,000. Mfadhili anataka jengo lipate cheti cha kijani, yaani cha jengo linalookoa nishati na kulinda mazingira. Msanifu aliyeletwa ametuonyesha mchoro wa jengo lenye kioo kitupu upande wa barabara, yaani magharibi, viyoyozi kila chumba, na ahadi ya LEED, cheti cha Marekani, ngazi ya dhahabu. Wazee wa kamati wamefurahi sana. Mimi nina wasiwasi: umeme unakatika, mazuti (dizeli) ni ghali, na ninajua ofisi moja ya kioo mjini ambayo ikifika Oktoba watu wanatoka nje kutafuta hewa. Je, cheti hiki kina faida kwetu ao ni karatasi ya kumpendeza mfadhili? Kama kina faida, tuchukue kipi, na tumjibu nini msanifu?

JIBU

Aksanti mama, na aksanti zaidi kwa kuuliza mapema. Mchoro ukiwa bado kwenye karatasi, kuubadilisha ni kazi ya wiki chache mezani. Msingi ukishamwagwa, mwelekeo mbaya wa jengo utawasumbua wanafunzi kwa miaka hamsini na hakuna kiyoyozi kitakachourekebisha. Kwa hiyo nianze na jibu lenyewe: cheti kina faida, msikikatae. Mchoro huo ukataeni, hata kama kweli ungeleta dhahabu.

Vyeti hivi vyote vinafanya kazi kwa namna moja. Taasisi inaandika masharti, wakaguzi wake wanasoma michoro, hesabu na picha za kiwanja, kisha jengo linapewa alama. BREEAM ya Uingereza ilitangulia, mwaka 1990. LEED ni ya baraza la majengo ya kijani la Marekani, lililoanzishwa 1993. Ina alama 110: ukifika 40 umepita, 50 ni fedha, 60 dhahabu, 80 platini. Wafaransa wana HQE, ambayo wasanifu wetu waliosoma kwa Kifaransa wameisikia. Afrika Kusini wanatumia Green Star, waliyoitoa Australia na kuirekebisha kwa hali yao. Na IFC, shirika la kundi la Benki ya Dunia, lilitengeneza EDGE likifikiria hasa nchi kama yetu.

Faida ya kweli ya cheti ni kwamba kinamlazimisha kila mtu kuandika ahadi yake na kuihesabu kabla ya ujenzi. Katika miradi ya majengo ya umma hapa kwetu, ahadi nyingi zinasemwa mdomoni kwenye kikao, halafu mkandarasi anapoanza kubana bajeti, za kwanza kufutwa ni zile ambazo hazionekani kwenye picha: kizuia-joto chini ya mabati, ukingo mpana wa paa, mita ya pili ya maji. Kukiwa na mkaguzi wa nje anayeuliza "kiko wapi kile mlichoandika?", vitu hivyo vinabaki. Hilo peke yake linatosha kwangu kuwaambia msimpinge mfadhili.

Lakini angalieni jinsi alama zinavyopatikana. Katika LEED, unachokosa upande wa nishati unaweza kukifidia kwa maji, eneo, rangi za ukuta au vifaa. Na nishati yenyewe, ambayo ina fungu kubwa kuliko yote, haipimwi kwa jumla ya umeme mnaotumia. Jengo lenu linashindanishwa na jengo la kufikirika la ukubwa uleule, lililochorwa ndani ya kompyuta kwa kufuata kanuni za Marekani, na jengo hilo lina viyoyozi. Mkileta kioo cha tabaka mbili na viyoyozi vya kisasa mnalishinda, alama zinaingia. Mkileta jengo lenye kivuli na madirisha yanayofunguka, ambalo vyumba vyake vya kusomea havihitaji kiyoyozi kabisa, hesabu inakuwa ngumu, maana programu inaanza kwa kuuliza mashine yenu ya kupoza ni ya aina gani. Njia za kutatua hilo zipo, ila zinataka mtaalamu wa kulipwa na muda. Hivyo ndivyo jengo linavyoweza kufika alama 60 bila kuifaa Lubumbashi.

Kuna jambo la pili, zito zaidi. Vipimo vya zamani vilikua katika nchi ambazo umeme ulitoka kwenye makaa ya mawe na gesi, na haukatiki. Sisi tuko kinyume pande zote mbili. Umeme wa SNEL, kampuni ya umeme ya taifa, karibu wote unatoka kwenye mabwawa ya maji: Mwadingusha na Koni kwenye Lufira, Nzilo na Nseke kwenye Lualaba, pamoja na ule unaotoka Inga hadi Kolwezi kwa njia ya nyaya ya kilomita 1,700 hivi, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Umeme wa namna hiyo hauna moshi mwingi. Mkiupunguza mnaokoa pesa na mnawaachia wengine, jambo jema kabisa, ila hewa chafu mliyoizuia ni kidogo. Hewa chafu inaanza pale delestaji, yaani kukatwa umeme, inapoingia na jenereta inapowaka.

Fuateni hesabu hii pamoja nami. Tuseme jenereta ya chuo inakunywa lita 15 za mazuti kwa saa, inafanya kazi saa 6 kwa siku, siku 250 kwa mwaka. Hiyo ni lita 22,500. Kila lita ya mazuti ikiungua inatoa karibu kilo 2.7 za hewa ya ukaa, kwa hiyo ni tani 60 kila mwaka, na pesa ya mazuti hayo yote inatoka kwenye mfuko wa chuo. Tena lita 15 ni makadirio ya chini. Viyoyozi vya jengo zima la kioo vitadai mashine kubwa zaidi.

Sasa tazameni zege. Jengo la mita za mraba 4,000 lenye nguzo, mihimili na sakafu za zege linaweza kumeza mita za ujazo 1,600. Kwa kilo 350 za simenti katika kila mita ya ujazo, ni tani 560 za simenti. Simenti inachafua hewa mara mbili: tanuru lake linachoma mafuta au makaa, na jiwe la chokaa lenyewe linapopashwa moto linaachia hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake. Ndiyo sababu simenti peke yake inahesabiwa kuleta asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na kazi za binadamu duniani. Tukichukua tani 0.8 kwa kila tani ya simenti, jengo lenu litakuwa limetoa tani 450 siku ya kukata utepe. Ni sawa na miaka saba ya ile jenereta. Na sijahesabu nondo, alumini wala kioo.

Mama, hapo ndipo kamati yenu ina nguvu ya kweli: mazuti na simenti, pamoja na kuni za kuchomea matofali ambazo nitazifikia. Alama nyingine zote zije nyuma ya haya matatu.

Tuanze na jua, maana jua ndilo linaloamua kama mtahitaji viyoyozi. Lubumbashi iko karibu nyuzi 11 na nusu kusini mwa ikweta, juu ya mita 1,200. Mwishoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linasimama juu ya kichwa, na tena katikati ya Februari. Mwezi wa Juni linapita upande wa kaskazini, na adhuhuri liko bado juu, nyuzi 55 hivi. Desemba linahamia kusini kidogo. Maana yake kwa mjenzi ni nyepesi: ukuta unaotazama kaskazini au kusini unalindwa na ukingo wa paa au baraza ya mita moja na nusu. Ukuta wa mashariki na wa magharibi haulindiki kwa ukingo, kwa sababu asubuhi na jioni jua linakuja chini, linaingia moja kwa moja hadi katikati ya chumba. Kioo kitupu upande wa magharibi, Oktoba, saa tisa alasiri, wanafunzi wakiwa kwenye mtihani: siwezi kulikubali hilo kwa cheti chochote. Mwambieni msanifu alizungushe jengo, upande mrefu ulale toka mashariki kwenda magharibi, na ncha zile mbili fupi ziwekwe ngazi, vyoo, stoo na ukuta mzito. Kama kiwanja ni chembamba na hakigeuki, basi upande wa magharibi ujengwe matofali yenye matundu mbele ya baraza. Mji huu una majengo mengi ya miaka ya 1950 yaliyofanya hivyo. Mpelekeni msanifu akayatembelee kwa miguu, ikiwezekana mchana wa joto, aweke mkono ukutani.

Upana wa jengo nao ni muhimu kuliko rangi yake. Hewa inayoingia dirisha moja na kutoka la upande wa pili inaweza kuvuka chumba chenye kina cha mara tano ya kimo cha dari. Dari likiwa mita 3.2, mwisho wenu ni kama mita 15. Ukumbi wa kina cha mita 30 utakuwa na katikati yenye giza na hewa nzito, na hapo taa na feni zitawaka mchana kutwa. Ni afadhali mabawa mawili membamba yenye ua katikati, wenye miti.

Jirani anayefaa kutufundisha ni Harare. Iko juu kama sisi, kwenye mita 1,490 hivi, ina kiangazi kikavu, baridi ya Juni na Julai, na joto la Oktoba kabla ya mvua. Huko lilifunguliwa mwaka 1996 jengo kubwa la ofisi na maduka linaloitwa Eastgate, kazi ya msanifu Mick Pearce. Halina viyoyozi vya kawaida. Usiku hewa baridi inavutwa kupita ndani ya sakafu nzito za zege, sakafu zinapoa, na mchana zinapokea joto la watu na la mashine. Feni zipo na zinakula umeme, kwa hiyo wanaosema jengo lile linajipoza lenyewe wanatia chumvi. Lakini feni na kiyoyozi si mzigo mmoja kwa jenereta. Lubumbashi nayo Oktoba mchana inapita nyuzi 30, na usiku inashuka chini ya 20. Tofauti hiyo ni mali tuliyopewa bure, na kioo kilichofungwa kinaitupa.

Kupoza jengo usiku kunataka matundu yabaki wazi watu wakiwa wamelala, na mimi na wewe tunajua wezi. Kwa hiyo matundu yawekwe juu, karibu na dari, yenye vyuma imara ambavyo mtu hapiti. Mbu nao wakumbukwe. Malaria iko, wavu ni lazima kwenye madirisha yote, na wavu unapunguza hewa sana. Katika michoro mingi inayotoka nje sioni hesabu hiyo: dirisha limepimwa kana kwamba halina wavu. Ombeni eneo la kufungua liongezwe ili hewa ibaki ya kutosha wavu ukishawekwa. Hakuna cheti ninachokijua kitakachowapa alama kwa wavu wa mbu, lakini bila huo madirisha yatafungwa saa kumi na mbili jioni na mpango wote wa hewa utakufa.

Paa nalo linataka mawazo, kwa sababu hii ni maktaba. Mabati matupu yanapika watu wakati wa jua, na mvua ya Januari ikishuka mwalimu hasikiki. Msanifu Francis Kéré aliijibu shida hiyo kwenye shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, iliyokamilika 2001: dari la matofali ya udongo lenye nafasi za kupitisha hewa, na juu yake, likiwa limeinuliwa, paa pana la mabati. Hewa inapita katikati na kubeba joto kabla halijafika darasani. Shule ile ilipata tuzo ya usanifu ya Aga Khan mwaka 2004, na mwenyewe akapewa ya Pritzker mwaka 2022. Kijiji cha Gando hakikuwa na pesa za mfadhili wenu. Dari zito na paa la pili vitawapa ninyi kivuli na ukimya kwa pamoja.

Viyoyozi sivikatazi vyote. Vitabu vya zamani na makaratasi ya kumbukumbu yanaogopa unyevu wa masika na vumbi la kiangazi. Vyombo vya kompyuta vinaogopa joto. Wekeni chumba kimoja au viwili vilivyofungwa vizuri, kuta nene, upande wa kusini, na humo tu muweke mashine. Mzigo huo mdogo unaweza kubebwa na sola. Paa la mita za mraba 2,000 lina nafasi ya kutosha: paneli za kilowati 100 zinataka kama mita za mraba 550, zikielekea kaskazini kwa mwinamo mdogo, na kila kilowati inaweza kuwapa karibu kilowati-saa 1,500 kwa mwaka hata baada ya kukata hasara ya vumbi. Lakini vumbi hilo lifutwe. Kuanzia Juni hadi Septemba paneli zikiachwa bila kuoshwa mtalalamika kwamba sola haifai. Maktaba inatumika zaidi mchana, kwa hiyo betri si lazima ziwe nyingi. Za kuvusha saa za jioni zinatosha, na jenereta ibaki ya dharura.

Sasa kuta. Najua kamati itapendekeza matofali ya kuchoma, kwa sababu ndiyo desturi ya mji na mafundi wanayajua. Ni matofali mazuri. Lakini yanachomwa kwa kuni za miombo, na udongo wake mara nyingi unatoka kwenye vichuguu. Kila anayesafiri nje ya mji ameona jinsi msitu unavyorudi nyuma mwaka baada ya mwaka kwa ajili ya makala (makaa ya kupikia) na matanuru. Jengo la chuo likinunua maelfu kwa maelfu ya matofali hayo, halafu likabandika kibao cha kijani mlangoni, wanafunzi wa kilimo watauliza maswali, na watakuwa na haki. Nashauri matofali ya udongo yaliyoshindiliwa kwa mashine, yenye simenti asilimia 5 hadi 8, yanayokomaa kivulini yakinyunyiziwa maji bila kuchomwa. Udongo upimwe kwanza: ukiwa na mfinyanzi mwingi tofali linapasuka, ukiwa na mchanga mwingi linabomoka. Chini ya ukuta pawekwe mawe au zege hadi kimo cha goti, na paa litokeze vya kutosha, kwa sababu adui wa tofali hilo ni mvua ya kupigwa na upepo.

Zege halikwepeki kwa jengo la ngazi mbili lenye mzigo wa vitabu, tena rafu za vitabu ni nzito kuliko watu. Ila linapungua. Nguzo zikiwa mita 6 kutoka moja hadi nyingine badala ya 10, sakafu inakuwa nyembamba sana. Rafu nzito ziwekwe chini. Maegesho ya magari yasiwe chini ya ardhi. Mabadiliko hayo matatu hayaongezi hata faranga moja, na yanaondoa simenti kuliko ufundi wowote wa kisasa. Kuna watu watawaambia mtumie mawe meusi ya ule mlima wa mabaki ya kiwanda cha kuyeyusha shaba cha hapa mjini, eti ni kuyatumia upya na alama zipo. Msikubali bila vipimo vya maabara. Mabaki ya shaba yana madini mazito ndani yake, na lazima ijulikane kwanza nini kinatoka maji yakipita humo. Kioo na alumini, kwa upande wao, vinakuja kutoka mbali kwa malori, vingi kwa njia ya Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia. Kipande kimoja kikivunjika mtasubiri miezi, na ubao wa plaiwudi utakaa mahali pake.

Maji nitayapitia haraka. Mvua ya hapa ni karibu milimita 1,200 kwa mwaka, kwa hiyo paa lenu litapokea mita za ujazo 2,400, na 1,900 zinaweza kukusanywa. Ukihesabu watu 600 kwa lita 10 kila mmoja, siku 250, mnahitaji 1,500. Inaonekana mmeshinda. Tatizo ni kwamba kuanzia Mei hadi Septemba hainyeshi, na tangi la kuvuka miezi hiyo lingekuwa la zaidi ya mita za ujazo 600, gharama isiyo na maana. Jengeni la 100, litumike masika kwa vyoo na usafi, na kiangazi mtumie kisima cha pampu. Mvua za kwanza zimwagwe nje, kwa sababu zinaosha vumbi la miezi mitano, na vumbi la mji wa kuyeyusha shaba si la kunywa. Kwa sababu hiyohiyo, kama kiwanja kiko upande ambao pepo za kiangazi zilipeleka moshi wa bomba la kiwanda hicho cha shaba, yaani kaskazini-magharibi yake, pimeni udongo kabla ya kupanda bustani au kutengeneza matofali.

Turudi kwenye cheti. Mkiniuliza kipi, nasema EDGE. Sharti lake linasomeka na kamati nzima bila mtaalamu: jengo liokoe angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji, na asilimia 20 ya kaboni iliyomo ndani ya vifaa vya ujenzi (hewa ya ukaa iliyotoka vilipotengenezwa), likilinganishwa na jengo la kawaida la mahali hapo. Yote matatu ni lazima. Huwezi kufidia zege kwa kutumia bomba za maji. Hapo ndipo linawafaa, kwa kuwa vifaa vya ujenzi ndivyo vyenye uzito mkubwa kwenu. Programu yake iko bure kwenye intaneti, na mnaweza kuingiza mchoro wenu leo jioni na kuona mkibadili kioo kuwa ukuta namba zinakwendaje. Tena jengo lisilo na viyoyozi halipotei ndani yake: programu inakadiria nishati ambayo watu wangehitaji baadaye ili wapoe, na kuihesabu. Jengo linalowapika watu haliwezi kujificha kwa kusema halina mashine. Cheti cha muda kinatolewa kwa mchoro, na cha mwisho baada ya mkaguzi kuja kuona kilichojengwa. Mkifika asilimia 40 upande wa nishati, kuna ngazi ya juu yake, na kwa mchoro wenye kivuli na sola sioni sababu ya kuikosa.

Kama mfadhili amefungwa na masharti ya makao yake na hataki kusikia kingine ila LEED, msigombane. Kubalini, kwa mchoro mpya, na mumwombe alipie mtaalamu wa hesabu za hewa ya asili. Mkipata ngazi ya fedha badala ya dhahabu, jengo zuri lenye ngazi hiyo ni lenu. Na msanifu mwambieni kwa heshima kwamba mnataka mambo manne yaonekane kwenye mchoro wa pili kabla ya kikao kingine: jengo limegeuzwa, vyumba havipiti kina cha mita 15, jumla ya mita za ujazo za zege imeandikwa, na saa za jenereta kwa mwaka zimeandikwa. Msanifu mwenye uwezo atayafurahia maswali hayo. Akiyakwepa, hapo mmeshajua.

Wazee wa kamati nao wasikilizwe. Wanataka jengo linaloheshimisha chuo, na hiyo si tamaa mbaya. Waonyesheni picha za Eastgate na za Gando pamoja na zile za kioo, wajionee kwamba tofali na kivuli vinaweza kuwa na utukufu wake.

Mwisho ni mkataba, na hapa msilegeze. Cheti kinapima jengo siku linapokabidhiwa; bili zinakuja baadaye. Wekeni mita tofauti kwa SNEL, kwa jenereta, kwa sola na kwa pampu ya maji, na mtu mmoja aliyetajwa kwa kazi yake aziandike kila mwezi. Vipima-joto vya bei ndogo viwekwe katika vyumba vitatu: kimoja chini ya paa, kimoja upande wa magharibi, kimoja katikati. Katika mikataba yetu kuna sehemu ya malipo inayobakizwa hadi mwisho wa muda wa dhamana. Andikeni kwamba sehemu hiyo haitoki kabla jengo halijapita Oktoba moja likiwa na watu ndani, na kwamba msanifu na mkandarasi watakuja kusoma namba hizo pamoja na kamati.